Neno "Sherry" Katika Lebo ya Wiski: Somo la Kusoma na Kuonja

Ofisi nyingi huchangishana fedha mkubwa wa kazi anapostaafu. Iwapo mstaafu anajulikana kuwa mpenzi wa kinywaji, mchango huo huishia mara kwa mara kwenye chupa ya wiski ya Uskoti. Mnunuzi anapomwuliza muuzaji ipi iliyo bora, huonyeshwa ile yenye rangi ya chai iliyokolea, ambayo lebo yake ina neno "sherry". Bei yake ni shilingi laki kadhaa. Fedha hutolewa, chupa hufungwa kwa karatasi ya kumeta, na pengine katika watu ishirini waliochanga hakuna hata mmoja awezaye kueleza neno lile limewaahidi nini, na kama kilichomo ndani kinaitimiza ahadi hiyo.

Somo hili limekusudiwa kumpa mlaji uwezo wa kulieleza. Halimhimizi mtu yeyote kunywa pombe. Asiyekunywa kwa sababu ya dini, afya au hiari yake hana anachopungukiwa, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kuuziwa. Viwanda vinavyotajwa humu vimetajwa kwa kuwa habari zake zinafundisha jambo, si kwa kuvipendekeza.

MAMBO YALIYOFUNGWA NA SHERIA

Wiski ya Uskoti imezungushiwa sheria nyingi, na hilo ni jambo la heri kwa mnunuzi. Kanuni zinazotumika sasa ni za mwaka 2009. Zinataka kinywaji kitengenezwe Uskoti kwa maji na shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, ingawa aina nyingine za wiski huruhusiwa kuongeza nafaka nyingine. Kikishachachuka kikenekwe huko huko, yaani kichemshwe, na mvuke wake ukusanywe na kupozwa. Kisha kilazwe katika mapipa ya mti wa mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700, ndani ya Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3. Kitiwapo chupani, kiwango cha kilevi kisiwe chini ya asilimia 40. Vinavyoruhusiwa kuongezwa ni vitu viwili tu: maji, na rangi ya karameli. Sukari hairuhusiwi, wala manukato ya kutengenezwa. Mvinyo nao hauruhusiwi kumiminwa ndani ya wiski, na hapa ndipo ajabu ya somo letu inapoanzia, kwa kuwa wiski tunayoizungumzia husifiwa kwa ladha ya mvinyo ambao hakuna aliyeruhusiwa kuutia.

Maneno "single malt" hueleweka vibaya mara nyingi. Neno "malt" humaanisha kwamba nafaka iliyotumika ni kimea cha shayiri peke yake, na kwamba kilikenekwa kwa mafungu katika vyungu vikubwa vya shaba. Neno "single" halimaanishi pipa moja, kama wengi wanavyodhani. Linamaanisha kiwanda kimoja. Chupa moja inaweza kuwa na wiski ya mapipa mamia yaliyochanganywa, mradi yote yametoka katika kiwanda hicho. Wiski ya pipa moja kweli kweli huandikwa "single cask", na kwa kawaida huwa na namba ya pipa.

Umri nao umefungwa. Lebo ikiandikwa miaka 12, basi wiski changa kuliko zote iliyomo chupani ilikaa ndani ya pipa miaka 12. Huo ni umri wa pipani. Wiski haizeeki ndani ya chupa, na chupa ya miaka 12 iliyofichwa kabatini miaka ishirini ingali wiski ya miaka 12. Mlaji anayeuziwa chupa kuukuu kwa hoja kwamba "imeendelea kukomaa" anadanganywa, hata kama muuzaji mwenyewe anaiamini hoja hiyo.

Kanuni moja zaidi inamfaa sana mnunuzi wa huku kwetu. Tangu Novemba 2012, "single malt" ya Uskoti lazima itiwe chupani Uskoti kwenyewe. Haisafirishwi kwa pipa ikafungwe kwingine. Chupa inayodai kuwa ya aina hiyo, na wakati huo huo ikaandikwa kwamba imefungwa Dar es Salaam, Nairobi au Dubai, imejitangaza yenyewe kuwa ya uongo. Uchunguzi huo ni wa dakika moja na hauhitaji maabara.

PIPA LILIKOTOKA

Sheri ni mvinyo wa zabibu nyeupe unaotengenezwa kusini mwa Hispania, katika miji mitatu iliyokaribiana: Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María. Waarabu walipoitawala nchi hiyo, Jerez waliiita Sharish, na Waingereza wakalipindapinda jina hilo hadi likawa "sherry". Mvinyo huu huongezewa pombe kali ya zabibu ili uwe na nguvu zaidi. Upo mkavu na mweupe uitwao fino, ambao hukomaa chini ya utando wa hamira. Upo oloroso, ambao hukomaa ukiwa wazi kwa hewa hadi ukawa wa kahawia, wenye harufu ya njugu na matunda makavu. Na upo ule wa zabibu za Pedro Ximénez zilizoanikwa juani, mzito na mtamu kama asali ya tende. Lebo za wiski huufupisha huu wa mwisho kwa herufi PX.

Kwa karne kadhaa Waingereza waliagiza sheri kwa wingi, nayo ilisafirishwa ndani ya mapipa ya mwaloni hadi bandari zao. Huko ilitiwa chupani, na mapipa yakabaki matupu. Kuyarudisha Hispania kulikuwa na gharama. Wenye viwanda vya wiski vya Uskoti walihitaji vyombo, wakayanunua. Hakuna fundi aliyekaa akabuni ladha; ilikuwa ni tabia ya mtu mwenye mkono mgumu anayetumia tena gudulia la jirani. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba wiski iliyolala humo ilitoka na rangi nzito, harufu ya zabibu kavu na ulaini ambao mapipa mengine hayakuutoa.

Desturi hiyo imekwisha. Unywaji wa sheri ulipungua, na katika miaka ya 1980 Hispania iliweka utaratibu wa sheri kutiwa chupani ilikotengenezwa. Mapipa ya safari yakakoma. Mlaji angetegemea kwamba wiski ya sheri nayo ingekoma, lakini haikukoma, kwa sababu biashara iligeuka kichwa chini miguu juu. Siku hizi mafundi wa Jerez huunda mapipa mapya kwa oda ya viwanda vya Uskoti. Mapipa hayo hujazwa sheri kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi ili mbao ziinywe, kisha hutolewa na kupelekwa kaskazini. Mvinyo uliotumika kwa kazi hiyo kwa kawaida hauuzwi kama sheri ya kunywewa. Hugeuzwa siki au hukenekwa. Zamani pipa lilikuwa mtumishi wa mvinyo, leo mvinyo ni mtumishi wa pipa.

Jambo hili tumelikalia kwa makusudi, kwa kuwa michoro ya masanduku ya wiski hupenda kuonyesha maghala yenye giza, buibui na mapipa ya miaka mia. Mapipa hayo yapo kweli huko Jerez, na kazi yake ni kuikomaza sheri yenyewe, kizazi baada ya kizazi. Mbao zake zimekwisha kutoa karibu kila kilichokuwamo, na si hayo yaliyotumika kwa chupa uliyoishika. Pipa jipya lililotiwa sheri si udanganyifu, na wiski zinazosifiwa sana leo zimetoka humo. Lakini mlaji anayelipia picha ya buibui ajue kwamba amelipia picha.

Bei nayo ina sababu. Sheria ya Marekani inataka wiski yao iitwayo bourbon ilazwe katika vyombo vipya vya mwaloni uliochomwa, hivyo mapipa yaliyokwisha kutumika ni mengi na ni rahisi, na sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti hukomaa humo. Pipa kubwa la sheri, lenye ujazo wa lita 500 hivi, huundwa, hutiwa mvinyo na hungojewa; gharama yake ni mara kadhaa ya lile la Marekani. Kisha wakati wote wa kukomaa, kiasi cha asilimia 2 ya kinywaji hupotea hewani kila mwaka kupitia mbao. Ghali kwa hiyo si wizi. Wizi ni kulipishwa bei ya pipa la sheri kwa wiski ambayo ililiona pipa hilo kwa wiki chache.

MANENO YANAYOTELEZA

Hapa ndipo mlaji anapopaswa kuvaa miwani. Lebo ikisema kwamba wiski ilikomaa katika mapipa ya sheri, kwa Kiingereza "matured in sherry casks", maana yake ni kwamba mapipa hayo ndiyo yaliyoilea. Lebo ikisema "sherry cask finish", maana yake ni nyingine kabisa: wiski ililelewa katika mapipa mengine, kwa kawaida ya bourbon, na mwishoni ikahamishiwa katika pipa la sheri. Muda wa huko mwishoni unaweza kuwa miezi michache au miaka kadhaa. Kanuni haziweki kima cha chini. Namba 12 iliyo kubwa usoni mwa lebo huhesabu jumla ya miaka yote, si miaka ya sheri, na mnunuzi asiyejua huziunganisha namba na neno kichwani mwake akapata "miaka 12 ya sheri" ambayo hakuna aliyeiandika.

Kwa maoni yetu, muda wa kumalizia ungepaswa kuandikwa katika kila chupa. Wapo watengenezaji wanaouandika bila kulazimishwa, na mlaji anayo haki ya kuwapendelea. Inafaa kuongeza kwamba umaliziaji si ufundi duni; wiski nyingi nzuri hupatikana hivyo. Tatizo ni ukimya.

Maneno "first fill" na "refill" husaidia yanapokuwapo. La kwanza ni pipa linalopokea wiski kwa mara ya kwanza tangu sheri itoke, na la pili ni pipa lililokwisha kulea wiski nyingine kabla. Msomaji afikirie majani ya chai: maji ya kwanza hutoa rangi na nguvu, ya pili hutoa chai nyepesi, na wapo wanaoipenda hiyo ya pili kwa sababu ladha ya chai yenyewe inasikika vizuri zaidi. Maneno "double cask" kwa kawaida huashiria kwamba mapipa ya aina mbili yalitumika, na sehemu ya kila moja haitajwi.

Neno "sherry" lenyewe halisemi mti ulikotoka, ilhali mti ni nusu ya habari. Mwaloni mweupe wa Marekani hutoa vanila na kitu kama nazi. Mwaloni wa Ulaya, ambao mwingi hukatwa kaskazini mwa Hispania, hutoa ukakasi zaidi, rangi nzito zaidi na harufu ya viungo. Msomaji wa Unguja na Pemba ana faida ambayo Mskoti hana: kemikali iitwayo eujeno, iliyomo katika mbao za mwaloni na kuipa wiski harufu ya karafuu, ndiyo hiyo hiyo inayoitawala harufu ya karafuu yenyewe. Si mfano wala tashibiha. Aliyekulia karibu na majamvi ya kuanikia karafuu anapoisikia ndani ya glasi, pua yake imesema kweli kabisa.

RANGI

Kwa rangi tuseme kidogo, maana jambo ni fupi. Wiski hutoka kwenye chungu ikiwa nyeupe kama maji, na rangi yote huipata pipani. Isipokuwa pale karameli inapoongezwa, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Hivyo wekundu wa chupa si ushahidi wa sheri wala wa umri. Nchini Ujerumani mtengenezaji hulazimika kuitaja rangi hiyo kwenye lebo. Kwingi kwingineko halazimiki. Chupa ikiandikwa "natural colour", mtengenezaji anajifunga kwamba hakuiongeza. Isipoandikwa, mlaji asitoe hata shilingi moja zaidi kwa ajili ya rangi.

KUONJA

Kuonja si kunywa. Kipimo cha somo ni mililita 15 hadi 20, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai, na kinatosha nusu saa nzima. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na pua. Asiyetaka kumeza anaweza kutema, kama wafanyavyo waonjaji wa kazi, na asiwe na haya. Anayeendesha gari ateme au asionje.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike. Wachanganyaji wa wiski wametumia kwa muda mrefu glasi ndogo ya shina iitwayo copita, ambayo asili yake ni maghala ya sheri ya Jerez. Anayekosa glasi ya namna hiyo atumie glasi ndogo ya mvinyo. Glasi pana iliyojazwa barafu haifai kwa somo hili: baridi huzifunga harufu, na barafu ikiyeyuka kinywaji hubadilika kabla hujakifahamu. Baada ya somo kila mtu anywe apendavyo.

Ukishamimina, iache glasi itulie dakika kadhaa. Kisha isogeze puani polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, na usiitumbukize pua ndani. Mvuke wa kilevi cha asilimia 40 au 46 hupiga kama mvuke wa kitunguu, na pua iliyochomwa haisikii tena kwa muda. Vuta kidogo, ondoa, rudia. Mara ya kwanza utasikia pombe tu. Mara ya tatu au ya nne mambo huanza kujitenga.

Vijitabu vya Ulaya humwambia msomaji atafute keki ya Krismasi, beri nyeusi na ngozi ya tandiko la farasi. Mlaji wa huku ambaye hajawahi kuila keki hiyo huona aibu, akadhani pua yake ni mbovu. Si mbovu. Mtu hutambua harufu anayoijua, na maneno yake ayachukue jikoni kwake. Katika wiski iliyolelewa na sheri tafuta kwanza matunda makavu: zabibu kavu, tende iliyoiva sana, tini. Baada ya hapo viungo: karafuu, mdalasini, tangawizi iliyokauka, kungumanga. Tafuta ganda la chungwa lililokaushwa. Tafuta lozi na korosho za kukaanga. Tafuta utamu ulioungua, kama sukari guru, au halua inapokaribia kuiva ndani ya sufuria na iliki imekwisha kutiwa. Mapipa ya PX huelekea kwenye asali ya tende na kahawa. Ya oloroso huelekea kwenye njugu na viungo. Usipokisikia kimojawapo usikitafute kwa nguvu, na usikubali kusikia kwa sababu jirani amesikia.

Sasa tia kidogo mdomoni, uiache ienee ulimini na pembeni, uhesabu hadi kumi, kisha umeze au uteme. Angalia mambo mawili. Kwanza, kama kinywa kinakubaliana na pua. Wiski iliyomaliziwa kwa muda mfupi wakati mwingine hutoa harufu nzuri ya zabibu, lakini mdomoni zabibu hutoweka haraka na kubaki pombe changa yenye ukali. Pili, angalia ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na kukunjamana ambayo kila aliyekula bibo anaijua. Ukakasi kidogo huipa wiski mgongo. Ukizidi, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, ni dalili kwamba mbao zimeishinda wiski. Mzee wa pipani si lazima awe bora kuliko kijana.

Baada ya hapo ongeza maji safi, matone machache kwa kijiko, uionje tena. Watu wengi wamefundishwa kwamba maji ni kuiharibu wiski, ilhali wanaoipima kwa kazi huitia maji daima. Kilevi kikishuka, harufu zilizokuwa zimefichwa hujitokeza. Kwa wiski iliyotiwa chupani kwa nguvu ya pipani, ambayo huweza kufika asilimia 55 au 60, maji ni ya lazima. Ikipatwa na ukungu baada ya kutiwa maji au ikipoa sana, usishtuke. Ni mafuta ya asili ambayo baadhi ya watengenezaji huyachuja na wengine huyaacha. Lebo ya walioyaacha mara nyingi husema "non chill-filtered".

Ipo harufu moja inayozua mabishano. Mapipa matupu husafirishwa yakiwa katika hatari ya kuota kuvu, na njia ya zamani ya kuyalinda ilikuwa kuchoma salfa ndani yake. Salfa hiyo ikibaki mbaoni, wiski hutoka na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, raba au yai lililochemshwa kupita kiasi. Wako wanaoiona kuwa kasoro isiyosameheka, na wako wanaosema kwamba chembe yake huipa wiski uzito kama chumvi katika uji. Mwandishi wa somo hili yuko na kundi la kwanza, ila hadai kwamba lina ushahidi zaidi. Linalomhusu mlaji ni kwamba harufu hiyo si dalili ya sumu wala ya ubandia.

Njia nzuri ya kujifunza ni kulinganisha. Watu wanne wachange wanunue chupa mbili ndogo, moja iliyolelewa katika mapipa ya bourbon na nyingine ya sheri, na kila mtu awekewe glasi mbili zisizo na majina. Tofauti ambayo kurasa kumi haziwezi kuieleza itasikika mara moja. Glasi zisioshwe usiku huo. Asubuhi, kilevi kikiwa kimekwisha kuruka, zinuse: iliyokuwa na sheri ya kweli mara nyingi huwa ingali na harufu ya zabibu kavu na mbao.

CHUPA BANDIA

Mwaka 2017, katika hoteli moja ya mji wa St. Moritz nchini Uswisi, mgeni kutoka China alilipa karibu faranga 10,000 kwa glasi moja ya wiski ya Macallan iliyoandikwa mwaka 1878. Kiwanda hicho kinajulikana kwa mapipa yake ya sheri, na chupa zake za kale hutafutwa na matajiri; moja ya mwaka 1926, iliyotoka katika pipa la sheri namba 263, iliuzwa mnadani London mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Picha za chupa ya St. Moritz ziliwatia shaka wajuzi. Sampuli ilipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford kupimwa kwa kaboni, ikaonekana kuwa imetengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1972, na vipimo vingine vilionyesha kwamba huenda hata haikuwa "single malt". Meneja wa hoteli, ambaye naye hakujua, alisafiri hadi China akamrudishia mgeni fedha zake. Mwaka uliofuata chupa 55 za wiski adimu zilipimwa Uskoti kwa njia hiyo, na 21 kati yake zikaonekana kuwa bandia au kutolingana na mwaka uliotajwa.

Sisi hatuko katika soko la faranga elfu kumi. Ila hila ni ile ile, na huku kwetu ina hatari ambayo yule mgeni hakukutana nayo. Chupa tupu za wiski ghali hununuliwa na kujazwa upya, na anayejaza hana sababu ya kujali anajaza nini. Pombe isiyokenekwa vizuri, au iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Tunasisitiza jambo moja lisichanganywe na sehemu iliyotangulia: methanoli haitambuliwi kwa pua wala kwa ulimi. Ufundi wote wa kuonja ulioelezwa hapo juu haumlindi mtu nayo hata kidogo. Chupa yenye shaka haionjwi ili kuhakikisha, inaachwa. Aliyekwisha kunywa, akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa kikali au kutapika, hata kama ni siku ya pili yake, akimbizwe hospitali na chupa iende naye.

Ulinzi uko kabla ya kufungua. Kizibo kiwe na lakiri isiyoguswa. Lebo ya mbele na ya nyuma zikubaliane kuhusu ujazo na kilevi, na maneno ya Kiingereza yasiwe na makosa ya tahajia. Kwa Tanzania, tangu mwaka 2019 vinywaji vikali hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Itazame kama ni nzima na haikuhamishwa kutoka chupa nyingine. Jina la mwagizaji liwepo. Bei iliyo nusu ya ile ya maduka mengine haina maelezo mema. Ujazo pia utazamwe, kwa kuwa chupa za Ulaya huwa mililita 700, na zipo za 750 na za lita nzima. Bei ilinganishwe kwa mililita 100, si kwa chupa. Na chupa ikiisha nyumbani kwako, chana lebo kabla ya kuitupa.

Iliyofunguliwa iwekwe wima, kwa kuwa kilevi kikali hukila kizibo ikilazwa, na iwe mbali na jua la dirishani. Chini ya nusu, hewa iliyomo huanza kuzififisha zile harufu za matunda, hivyo imalizwe katika miezi michache au ihamishiwe chupa ndogo.

Mwenye malalamiko ayalete akiwa na vitu hivi: risiti ya kielektroniki yenye tarehe na jina la duka, chupa yenyewe pamoja na kizibo na sanduku lake, na kinywaji kilichobaki hata kama ni kidogo. Chupa isioshwe, na stempu isibanduliwe.